Gari Lingali Jikoni: Wanavyolitambua Umbo Lake Kabla Halijapakuliwa

Hebu nianze kwa swali. Je, umewahi kupita karibu na jikoni la shule saa tano za asubuhi, ukanusa mara moja tu, kisha ukamwambia mwenzako kwa uhakika, "Leo ni githeri," ilhali mfuniko wa sufuria haujainuliwa? Bila shaka umewahi. Basi wapo watu ambao huyafanyia magari vivyo hivyo. Gari bado lingali kiwandani, halijapewa hata bei, nao wanabishana kuhusu taa zake, milango yake na kimo cha paa lake. Wengine hukosea vibaya sana. Wengine nao hupatia hadi ukadhani wana jamaa yao ndani ya kiwanda.

Mimi niliingia katika mchezo huu nikiwa shule ya msingi, mwishoni mwa mwaka 2019, katika gereji ya mjomba wangu mjini Nakuru. Mjomba ni fundi wa bodi. Kazi yake ni kunyoosha mabati yaliyokunjika, kuyapaka pati na kuyarudishia rangi. Binamu yangu, ambaye anapenda magari kuliko chakula, alikuwa amepata picha ya kigari fulani cha Toyota kilichofunikwa michoro ya ajabu ajabu, mithili ya punda milia aliyechorwa na mtoto wa chekechea. Ilisemekana ati Toyota inatengeneza Yaris ya kasi. Binamu akasema, "Baba, hii ni ile Yaris mpya tu, imetiwa madoido."

Mjomba akaipokea simu, akaisogeza mbali na macho kama afanyavyo anaposoma risiti, akanyamaza. Kisha akatamka: "Hii si ile. Hii haina mlango wa nyuma wa abiria. Na paa limeshushwa. Mtu hashushi paa bure, mwanangu."

Tuliondoka pale tukinong'ona kwamba mzee anazeeka. Lo! Kumbe tulikuwa hatujui kutazama.

Kabla sijafika mbali, tuelewane kuhusu gari lenyewe. Hachibaki ni gari dogo lisilo na buti inayochomoza nyuma. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Ukitaka mfano, itazame Vitz yoyote iliyoegeshwa nje ya ofisi ya walimu. Hiyo Vitz, kwa hakika, ndiyo Yaris. Kwa miaka mingi Toyota ililiuza gari hilo Japani kwa jina la Vitz, na Ulaya kwa jina la Yaris, mpaka mwaka 2020 ambapo hata Wajapani walianza kuliita Yaris. Kwa hivyo kile kigari kilichokuwa kwenye simu ya binamu kilikuwa ndugu wa Vitz ya kwendea sokoni, ila ndugu mwenye hasira.

Magari ya jinsi hii yalipata sifa kubwa kutoka Ujerumani. Mwaka 1975 Volkswagen iliionyesha Golf GTI mjini Frankfurt, na mwaka 1976 ikaanza kuuzwa. Kampuni ilikuwa imepanga kutengeneza magari 5,000 tu, basi. Kwa nje lilikuwa Golf lile lile lililobuniwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, ila lilikuwa na mstari mwekundu kuzunguka grili, na kirungu cha gia kilichofanana na mpira wa gofu. Watu wakalipenda kupita kiasi, na hesabu ya 5,000 ikasahaulika. Tangu hapo, kila kampuni inapotangaza kwamba ina hachibaki ya kasi inayokuja, wapenzi wa magari huuliza swali moja: je, safari hii tutapewa gari jipya kweli, au tutapewa gari la zamani lenye mstari mwekundu?

Swali hilo si la mzaha. Mtu anaweza kuwa ameweka akiba miaka mitano. Kuna gari lipo dukani leo, na kuna lingine linasemekana linakuja mwakani. Anunue au angoje? Akingoja akaletewa stika nyekundu na rimu kubwa, amepoteza mwaka. Asipongoja, huenda akaliona gari la ndoto yake likipita na mwingine usukanini. Ndiyo maana watu wazima, wenye kazi na familia, hukaa usiku wakiikodolea macho picha moja yenye ukungu.

Sasa tuingie jikoni. Kiwanda hakiwezi kulijaribu gari ndani ya ukuta pekee. Lazima litoke likapate barafu, likapate jua kali, lipande milima na kuteremka. Na likitoka, wapiga picha wanalivizia. Basi hulivisha. Vazi la kwanza ni karatasi ya plastiki iliyochapwa mizunguko na mistari inayolivuruga jicho. La pili huwekwa chini ya hilo la kwanza: vipande vya povu au plastiki vinavyobandikwa ili kuweka uvimbe mahali pasipokuwa na uvimbe.

Wazo la michoro hiyo si geni. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mchoraji Mwingereza kwa jina Norman Wilkinson alipendekeza meli zipakwe mistari na pembe za rangi zinazogongana. Nia haikuwa kuificha meli, kwani meli utaifichaje baharini? Nia ilikuwa kumchanganya adui asijue inaelekea wapi na kwa kasi gani. Gari la majaribio nalo ni hivyo hivyo. Unaliona waziwazi linapita, lakini huwezi kuapa kama ubavu wa mlango umebonyea au umevimba.

Walakini nguo haifuniki kila kitu, na hapa ndipo mtazamaji hodari anapopata riziki yake. Kuna sehemu za gari ambazo zikifunikwa gari litakufa. Mdomo wa mbele, kwa mfano. Injini ya turbo hukandamiza hewa, na hewa ikikandamizwa hupata joto, kwa hivyo mbali na rejeta ya maji huhitaji kipoza hewa kingine cha mbele. Breki kubwa nazo hutaka upepo. Ukiufunika mdomo huo gari litachemka kabla halijafika kona ya pili. Kwa hivyo mdomo huachwa wazi, na ukubwa wake unakuambia habari za injini ambayo hujaiona. Taa nazo lazima ziwake, maana gari lipo barabarani na polisi wapo. Vioo lazima viachwe ili dereva aone. Milango lazima ifunguke, kwa hivyo mahali pa vishikio na ufa wa mlango huonekana ukitazama kwa subira. Na tairi hazivishwi nguo hata siku moja.

Tairi ndiyo siri kuu, na ningependa niikalie kidogo kwa sababu hapa hesabu tunazolalamikia darasani zinafanya kazi ya maana. Ubavuni mwa kila tairi kumeandikwa ukubwa wake. Chukua tairi ya 225/40 R18, ambayo ndiyo iliyokuja kwenye GR Yaris. 225 ni upana kwa milimita. 40 ina maana kwamba ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 90. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi 18 ni milimita 457. Ongeza ubavu wa juu 90 na wa chini 90, unapata milimita 637. Hicho ndicho kimo cha tairi nzima, na tayari una rula.

Sasa tafuta picha iliyopigwa kutoka ubavuni kabisa. Pima tairi kwa kijiti cha kiberiti. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ukipata tairi nne, zidisha 637 mara nne: 2,548. Kipimo halisi cha GR Yaris kilipotangazwa kilikuwa kama milimita 2,560. Umekosea kwa upana wa kidole gumba tu! Urefu wa gari zima ukipata tairi sita na robo, utakuwa na kama 3,980. Halisi ni 3,995. Lakini jihadhari: picha ikiwa imepigwa kwa mshazari, hata kidogo, hesabu yote inaharibika. Binamu alipima gari kutoka picha iliyopigwa pembeni mwa bampa akapata gari lenye urefu wa matatu. Tulicheka, wacha tu.

Ukishapata vipimo, unalilinganisha gari geni na lile unalolijua. Yaris ya kawaida, ya kizazi cha nne, Toyota ilikuwa imekwisha kuionyesha Oktoba 2019. Ilikuwa na milango mitano, ukihesabu na ule wa nyuma, na haikuwapo ya milango mitatu. Hilo ndilo lililoyafanya maneno ya mjomba kuwa mazito kuliko tulivyodhani. Gari la kuficha likiwa na milango mitatu huku lile la kawaida likiwa na mitano, basi hawa watu wametengeneza bodi nyingine. Na bodi nyingine ni gharama kubwa ajabu. Zinahitajika kalibu mpya za kupigia mabati ya ubavu, milango mirefu zaidi, vioo vingine, na majaribio mengine ya kugonganisha. Wanunuzi wengi siku hizi hawataki milango mitatu kwa sababu nyanya na watoto watapitia wapi? Kwa hivyo kampuni haitengenezi bodi ya namna hiyo ili ifurahishe macho tu. Kuna jambo.

Wengi huumia hapa hapa kwenye milango. Mwaka 2017 Honda ilionyesha gari la mfano la umeme mjini Frankfurt, Urban EV, kigari cha kupendeza chenye milango miwili ya abiria. Watu wakakingoja. Gari la kuuzwa, Honda e, lilipotoka lilikuwa na milango minne ya abiria, na baadhi ya waliongoja wakanuna. Alpine ya Ufaransa nayo mwezi Mei 2023 ilionyesha mfano wa A290 ambao kiti cha dereva kilikuwa katikati ya gari! Ukiamini kwamba gari kama hilo litauzwa hivyo, utaamini lolote. Lilipozinduliwa mjini Le Mans mwezi Juni 2024 lilikuwa na viti vya kawaida na milango mitano. Hata hivyo wabunifu walikuwa wajanja: vishikio vya milango ya nyuma walivificha kwenye fremu ya dirisha, ili kwa mbali udhani ni milango mitatu. Na zile taa za mbele zenye alama ya X walizihifadhi, kwa kuwa zinakumbusha magari ya rali ya zamani, ambayo taa zake zilibandikwa utepe ili kioo kikivunjika kwa mawe kisitawanyike. Kwa hivyo ukiona gari la mfano, amini taa, usiamini viti. Amini pua, usiamini rimu, maana rimu za maonyesho huwa kubwa kama magurudumu ya trekta na hupungua njiani.

Turudi kwa paa lililoshushwa. Mjomba alijuaje kwamba kuna sababu? Alituambia baadaye. Alipokuwa kijana alisimama kando ya barabara siku ya Safari Rally akaiona Lancia Delta Integrale ikipita. Miki Biasion aliishindia Lancia mashindano yetu mwaka 1988 na tena 1989. Delta hiyo nayo ilianza kama hachibaki ya pole, kazi ya Giugiaro yule yule, na mwaka 1980 ikatuzwa Gari Bora la Ulaya. Lakini Integrale ilipotoka mwishoni mwa mwaka 1987 madigadi yake yalikuwa yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Watu walidhani ni urembo. Si urembo. Tairi za rali ni pana na huhitaji nafasi ya kupanda na kushuka kwenye mashimo, na kanuni zilitaka gari la mashindano lifanane na la dukani. Basi madigadi yakapanuliwa kwenye la dukani kwanza. "Tangu siku hiyo," mjomba alisema, "nikiona bati limevutwa mahali, huwa nauliza limevutwa na nini."

Yaris ilikuwa imevutwa na kanuni pia. Wakati huo gari la Mashindano ya Rali ya Dunia lilipaswa kutokana na gari la kawaida linalotengenezwa kwa wingi, na idadi iliyotajwa kwa gari hili ilikuwa 25,000. Ukubwa wa mabawa na umbo la madigadi ungeweza kuubadilisha ndani ya mipaka fulani, lakini paa na ganda vilibaki vya dukani. Sasa fikiria wewe ndiwe mhandisi. Unataka upepo ulifikie bawa la nyuma bila kuzuiwa, ili gari likandamizwe chini kwenye kona. Paa likiwa juu, bawa linabaki kivulini. Utafanyaje? Utaliomba duka likuuzie gari lenye paa la chini. Toyota haikuwa na gari kama hilo, kwa hivyo ikalitengeneza. Badala ya kulichukua gari la watu na kuligeuza kuwa la mashindano, walianza na mahitaji ya mashindano wakayavisha nambari za barabarani. Bingwa wa zamani Tommi Mäkinen, aliyeiongoza timu ya Toyota wakati huo, alihusika katika kulikuza.

Uzinduzi wenyewe ulikuwa na mkasa wake. Ulikuwa umepangwa kufanyika wakati wa Rali ya Australia mwezi Novemba 2019, lakini mioto ya misituni ikawaka na rali yote ikafutwa. Waliongoja wakaongezewa miezi miwili. Ndipo tarehe 10 Januari 2020, katika maonyesho ya Tokyo Auto Salon, nguo ikavuliwa.

Na vitu vikaonekana. Milango mitatu. Upana milimita 1,805, ilhali Yaris ya kawaida ya Ulaya ni 1,745. Kimo 1,455, ambapo ile nyingine ni kama 1,500. Ukilitazama kwa nyuma unaona madigadi yametanuka kama mbwa aliyejiandaa kuruka. Nusu ya mbele ya sakafu yake imetokana na magari madogo ya Toyota, na nusu ya nyuma imetokana na magari makubwa zaidi ya ukoo wa Corolla, wakaziunga pamoja. Injini yake ina silinda tatu tu, ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, na turbo, na kwa soko la Ulaya ilitoa nguvu za farasi 261. Nguvu hizo zinagawanywa kwa magurudumu yote manne. Uzito ni kilo 1,280 hivi. Kati ya sehemu za nje zinazoonekana, zilizochukuliwa kutoka Yaris ya kawaida ni taa za mbele, taa za nyuma, vioo vya pembeni na antena. Nyinginezo zote ni zake peke yake. Swali la mstari mwekundu likawa limejibiwa.

Mjomba alishinda, ingawa si kwa yote. Alidhani paa ni la bati. Kumbe ni la nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na boneti, milango na mlango wa nyuma ni aluminiamu. Alipoambiwa alishika kiuno. "Kaboni nitainyooshaje? Hii haipigwi nyundo." Akawa amekasirika kidogo, kana kwamba gari hilo lilikuwa njiani kuja gereji kwake siku hiyo hiyo.

Binamu naye alikuwa amelichora gari kwenye daftari la Sayansi, na kulitia bawa la nyuma refu kama meza ya kupigia pasi. Gari lilipotoka na kibawa kidogo tu juu ya kioo, alilala bila kula. Lakini ukifikiri utaona kwamba bawa kubwa halikuwa na haja. Kanuni ziliruhusu bawa liongezwe kwenye gari la mashindano, kwa hivyo la dukani halikulazimika kulibeba. Kisichoweza kuongezwa baadaye ni paa, na paa ndilo lililoshughulikiwa. Binamu alichora alichokitamani. Mjomba alisoma kilichohitajika. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya wanaopatia na wanaokosea, na sisemi kwamba wanaotamani hawana raha yao.

Sasa sikiliza kichekesho cha jambo lote, na labda si kichekesho. Mwaka huo huo wa 2020 janga la korona likaja. Toyota ilikuwa inajenga gari jipya la rali la mwaka 2021 lililotokana na GR Yaris, ikaacha, na timu ikaendelea na Yaris ya zamani. Sébastien Ogier alipoishinda Safari Rally mwezi Juni 2021, mara ya kwanza tangu mwaka 2002 kwa Safari kuwa katika Mashindano ya Dunia, alikuwa kwenye hiyo ya zamani. Kisha mwaka 2022 kanuni zikabadilika: magari ya daraja la juu yakaruhusiwa kujengwa kwa fremu ya mabomba, bila ganda la gari la dukani. Paa lililoshushwa kwa gharama zote zile, milango mitatu, ganda jipya, vyote havikuhitajika tena katika daraja lile vilikokusudiwa.

Mimi na binamu tulienda Soysambu mwezi Juni 2022 kutazama mkondo wa Sleeping Warrior. Vumbi lilikuwa kama unga wa ngano. Yaris ya kwanza ilipopita, binamu aliruka juu: "Ndiyo hiyo! GR Yaris!" Mwaka huo Toyota ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, Kalle Rovanperä akiwa mbele. Tulipomsimulia mjomba jioni, akasema bila hata kuinua macho, "Hiyo mliyoiona ni mabomba yaliyovalishwa uso wa Yaris. Ile ya kweli bado haijaja." Nilidhani ana wivu kwa kuwa hakuja. Lakini alikuwa sahihi. Ganda lenyewe la dukani lilingoja mpaka mwaka 2024, ambapo GR Yaris Rally2 iliidhinishwa kwa daraja la pili, daraja ambalo bado linatumia ganda la gari la kuuzwa. Miaka minne baada ya nguo kuvuliwa, paa likapata kazi.

Gari lisingekuwepo kama kanuni ingebadilika mapema kidogo. Jambo hili huwa linanikosesha usingizi kuliko mtihani. Ford iliacha kutengeneza Fiesta mwezi Julai 2023, na ile ya kasi, Fiesta ST, ikaenda nayo. Hachibaki ndogo zenye hasira zinazidi kuadimika.

Januari 2024, katika maonyesho yale yale ya Tokyo, Toyota ilionyesha GR Yaris iliyorekebishwa. Kabla ya hapo, kama kawaida, picha zilizagaa na kila mtu akatabiri. Binamu, ambaye sasa amejifunza, hakuchora bawa. Alipima mdomo wa mbele akasema umepanuka, kwa hivyo injini imeongezwa nguvu. Kweli: kwa Japani ilifika farasi 304. Lakini hakuna kati yetu aliyebaini jambo lililomfurahisha mjomba kuliko yote. Sehemu ya chini ya bampa ya mbele ilikuwa imekatwa vipande, ili upande mmoja ukigonga jiwe ubadilishe kipande hicho tu badala ya kununua bampa nzima. Na wavu wa grili wa chini ukafanywa wa chuma.

"Huyo aliyechora hii," mjomba akasema, "amekaa na mafundi." Akaitazama picha tena, akaikuza kwa vidole, akaguna kwa kuridhika.

Binamu anaweka akiba. Kanuni yetu ya kuagiza magari yaliyotumika hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo GR Yaris ya mwaka 2020 mlango wake utafungwa mwisho wa mwaka 2027. Japani usukani uko kulia kama kwetu, na hilo lingerahisisha mambo. Lakini amepiga hesabu mara nyingi na kila mara fedha hazitoshi, hata akiuza pikipiki. Juzi alileta picha nyingine, kigari kingine kilichovishwa michoro, hakijulikani ni cha nani. Mjomba hakuuliza kina kasi gani wala kitauzwa lini. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akatoa kijiti cha kiberiti mfukoni, akakiweka juu ya kioo cha simu.

"Tairi ngapi?" akauliza.